Kuchwelewa Mfangano

Kuna kitenzi kwenye kamusi za zamani za Kiswahili ambacho sijawahi kumsikia mtu wa rika langu akikitumia: kuchwelewa. Maana yake ni kukutwa na machweo ungali njiani. Jua limechwa, wewe hujafika, basi umechwelewa. Kina ndugu yake ambaye sote tunamjua, kuchelewa, na huyo mzizi wake ni kucha, yaani kupambazuka: asubuhi imekufikia kabla hujawa tayari. Ndugu mmoja alihamia mjini akapata kazi. Kila Jumatatu anatajwa ofisini, shuleni, kwenye foleni ya matatu. Huyu mwingine alibaki njiani, na watu wa mjini tukamsahau.

Nimekuwa nikiwafikiria hawa ndugu wawili tangu Agosti, kwa sababu ya kisiwa cha Mfangano, kaunti ya Homa Bay. Usiku ulionikuta huko nitausimulia, lakini hauna maana sana ukisimama peke yake. Kwetu sisi tunaopanda Ngong, Longonot na Kilimambogo wikendi, kukutwa na giza mlimani ni habari ya msiba: kikundi kimepotea, simu zimezima, mtu ameteguka mguu. Ni jambo la kuepuka na, likitokea, la kuonea aibu. Lakini kwa sehemu kubwa ya historia ya nchi hizi, kuchwelewa lilikuwa jambo la kawaida, lenye maandalizi yake, adabu zake, hata sheria zake. Ninachotaka kujua ni hiki: ni lini giza liliacha kuwa sehemu ya safari likawa kosa la msafiri?

Tuanze na jua lenyewe. Mfangano iko karibu nusu digrii tu kusini mwa ikweta. Kwenye latitudo hii jua halitelemki kwa mshazari, likichechemea kama linavyofanya London mwezi wa Juni. Linashuka wima. Tangu linapozama hadi unaposhindwa kuona mawe ya njia, una dakika ishirini na kitu. Sasa simama juu ya Kwitutu, kilele cha kisiwa, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ziwa liko kwenye mita 1,134 hivi. Chini yako kuna zaidi ya mita 500 za mteremko, na dakika ishirini. Hesabu hiyo haihitaji kikokotoo.

Halafu kuna mtego wa pili, na huu uliwekwa na binadamu. Kenya nzima inatumia saa moja, iliyo saa 3 mbele ya Greenwich, na hiyo kwa jua halisi ni saa ya longitudo 45 mashariki, pale karibu na Mogadishu. Mfangano iko longitudo 34. Kwa hiyo jua la Mfangano liko nyuma ya saa ya ukutani kwa kama dakika 44, na huzama kama dakika 22 baada ya lile la Mombasa. Kwa mwaka mzima linachwa kati ya saa 12 na nusu jioni na saa 1 usiku. Miaka ya 1930 serikali ya kikoloni iliichezea hii saa, ikaiweka saa 2 na nusu mbele ya Greenwich, baadaye saa 2 na dakika 45, kabla ya kutulia kwenye saa 3. Jua halikuambiwa. Mtu wa pwani akifika kisiwani na kuona saa 12 jioni bado kuna mwanga wa kutosha kusoma gazeti, anadhani amepewa nyongeza. Kumbe ni saa tu ndiyo imetangulia. Giza litakuja kwa kasi ile ile.

Kiswahili chenyewe kilikuwa na njia nyingine ya kuhesabu. Saa zetu huanza upya jua linapochwa: saa moja usiku ni saa ya kwanza ya giza, sawa na saa moja asubuhi ilivyo saa ya kwanza ya mwanga. Na kwa hesabu ya jadi ya pwani, siku mpya inaanza magharibi. Ndiyo maana wazee wakisema "usiku wa Ijumaa" wanamaanisha ule unaoitangulia Ijumaa, jambo ambalo limewakosesha vijana wengi arusi na maulidi. Katika hesabu hiyo usiku ndio mlango wa siku. Mchana unafuata baadaye.

Watu waliokuwa na hesabu hiyo ndio waliotembea kutoka Bagamoyo, Pangani na Mombasa hadi maziwa makuu. Msafara wa karne ya 19 kwa kawaida uliondoka alfajiri, ukatembea asubuhi, ukapiga kambi kabla jua la mchana halijawa kali. Lakini kulikuwa na mwendo mwingine wenye jina lake: tirikeza. Tirikeza ulianza alasiri. Wapagazi walipika, wakanywa maji hadi wakatosheka, wakajitwika mizigo, wakaondoka wakijua kabisa kwamba giza litawakuta mahali pasipo na kisima. Walilala huko, na kabla ya alfajiri wakaendelea hadi maji yaliyofuata. Kwa njia hiyo, eneo kavu ambalo lingewaua kwa mwendo wa siku mbili za jua lilivukwa kwa jioni moja na asubuhi moja. Nyika ya Taru, kati ya Mombasa na vilima vya Maungu, ilijulikana kwa mwendo wa namna hiyo miaka mingi kabla ya reli kupita hapo mwishoni mwa karne.

Angalia tofauti. Mpagazi wa tirikeza hakukutwa na giza. Alikwenda kulikuta. Alijua mwezi uko wapi, nani anatangulia na nani anafunga mkia, moto utawashwa wapi. Kuchwelewa kulikuwa kwenye ratiba. Hata hivyo tusiwapambe watu hawa kwa maneno matamu: wengi walikufa kwenye njia zile kwa kiu, ndui na njaa, na baadhi ya misafara ilibeba watumwa pamoja na pembe. Ninachosema ni kwamba usiku ulikuwa kifaa mikononi mwao. Walijua unatumika vipi.

Upande wa ziwa kulikuwa na sababu nyingine ya kutembea gizani: mbung'o. Nzi huyu anayeambukiza malale huuma hasa mchana. Katika sehemu nyingi za Afrika Mashariki na Kusini wenye ng'ombe waliokuwa na lazima ya kuvuka ukanda wa mbung'o waliwavusha usiku, mnyama nyuma ya mnyama, nzi wakiwa wametulia. Ng'ambo ya Mfangano, bara, liko bonde la Lambwe, ambalo mbung'o walilitawala kwa vizazi. Leo sehemu yake ni hifadhi ya taifa ya Ruma. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliua zaidi ya watu 200,000 kandokando ya ziwa, wengi wao upande wa Uganda, na gavana Hesketh Bell akaamuru watu wahamishwe kutoka mwambao na visiwa vya huko. Kwa mtu wa ziwani wa miaka hiyo, mwenye kuumwa na nzi, mchana mweupe ungeweza kuwa ndio wa kuogopwa.

Na Mfangano yenyewe? Watu wake ni Abasuba. Mwanahistoria Henry Okello Ayot, aliyekusanya masimulizi yao na kuchapisha historia yao mwaka 1979, anaanza simulizi mwaka 1760. Si wote waliotoka mahali pamoja, ila kundi kubwa linakumbuka kwamba lilikuja kwa mitumbwi kutoka upande wa Buganda katika karne ya 18, likikimbia vurugu za kifalme zilizozunguka mauaji ya Kabaka Junju. Masimulizi hayatoi saa ya kuondoka. Lakini mkimbizi hachagui saa, na ziwa hili si mto wa kuvuka kwa pumzi moja. Siwezi kuwawazia watu wale ila wakiwa na usiku angalau mmoja majini, watoto wamelala chini ya mtumbwi, mtu mzima mmoja akitafuta umbo la mlima mweusi kuliko anga. Ukitazama Kwitutu kutoka ziwani utaelewa kwa nini walisimama hapo. Unaonekana hata pasipo mwezi.

Walipofika, walikuta kisiwa kimeshaandikwa. Katika mapango ya Mawanga na Kwitone kuna michoro ya miviringo, mmoja ndani ya mwingine, kwa rangi nyekundu na nyeupe. Wataalamu wanaihusisha na wawindaji wa kale wa jamii ya Batwa. Abasuba waliyaheshimu mapango hayo, na yakawa mahali pa ibada za mvua. Makumbusho ya jamii ya Abasuba, yaliyoko papo hapo kisiwani, yanatunza kumbukumbu hiyo. Mimi, nikiyatazama, nilifikiria jambo la kawaida zaidi. Pango ni kitu cha kwanza anachotafuta mtu aliyechwelewa. Kabla halijawa hekalu au kivutio cha watalii, kila pango lenye michoro lilikuwa mahali ambapo mtu fulani alisema: leo hatufiki, tulale hapa.

Lakini pango halikupi chakula, wala halikuulizi habari za kwenu. Kwa hilo unahitaji mlango wa mtu. Na hapa Nyanza Kusini wana simulizi ambayo kila mtoto aliyekulia huko ameisikia, ya Simbi Nyaima, ziwa dogo la magadi karibu na Kendu Bay, ambalo flamingo huenda kula. Wanasema pale palikuwa kijiji. Jioni moja watu wakiwa kwenye pombe na ngoma, alifika bibi kizee mchovu, mwenye njaa, akiomba pa kulala. Walimfukuza. Mwanamke mmoja tu ndiye aliyempokea, akampa chakula na mahali pa kujinyoosha. Bibi akamwambia mwanamke yule aondoke usiku ule ule, yeye na mumewe. Mume akacheka, akabaki kwenye pombe yake. Mwanamke akaondoka. Mvua ikanyesha, ardhi ikafunguka, kijiji kikazama chote. Nyaima: kilichozama.

Wanajiolojia watakwambia Simbi ni kreta ya volkano, na wako sahihi. Ila sikiliza simulizi kama sheria, kwa sababu ndivyo ilivyofanya kazi. Katika nchi isiyo na nyumba za wageni, isiyo na tochi, ambapo kila mtu siku moja atakuwa njiani jua likichwa, kumfungulia mgeni wa jioni si wema wa hiari. Ni bima ya wote. Leo ni yeye, kesho ni mwanangu. Simulizi inaweka adhabu: kijiji kinachomfukuza aliyechwelewa hakistahili kuwa juu ya ardhi. Na inaweka pia ugumu wake, kwa sababu jirani zao hao hao wanaamini wapo wanaotembea usiku kwa nia mbaya, wanaoitwa jajuok kwa Kijaluo, wachawi wa kukimbia usiku na kutupa mawe kwenye mapaa. Mgeni wa jioni alipaswa kujitambulisha kwa sauti, mbali na nyumba, kwa jina la baba na la mahali. Mwenyeji alipaswa kuitika. Kati ya hofu na wajibu kulikuwa na mazungumzo mafupi, na mazungumzo hayo yaliokoa watu.

Sasa hebu tuje mjini, ambako nadhani ndiko mambo yalikogeuka. Utawala wa kikoloni ulipojenga Nairobi haukuuona usiku wa Mwafrika kama safari. Uliuona kama shtaka. Sheria za uzururaji zilikuwepo tangu miaka ya mwanzo ya utawala huo, na Mwafrika aliyekutwa mitaani saa za usiku alidaiwa kibali. Swali la mwenyeji wa kijijini, "wewe ni wa nani?", lilikuwa na lengo la kukuingiza ndani. Swali la askari, "kibali kiko wapi?", lilikuwa na lengo la kukuingiza seli. Maneno yanakaribiana, mlango ni tofauti. Tarehe 20 Oktoba 1952 hali ya hatari ilipotangazwa, amri za kutotoka nje zikawa maisha ya kila siku kwa watu wa Kati na Nairobi, na visiwa vya ziwa hili hili, Mageta na Saiyusi, vikageuzwa kambi za kuwazuilia watu wa Mau Mau. Kisiwa, kilichokuwa kimbilio la waliovuka usiku, kikawa mahali pa kuhakikisha hakuna anayevuka.

Kizazi changu kilionja kidogo. Tarehe 27 Machi 2020, kwa sababu ya Korona, kafyu ilianza saa 1 usiku hadi saa 11 alfajiri. Si unakumbuka? Watu wakikimbia Thika Road na mifuko mkononi, saa 12 na dakika 50, kama kwamba jua ndilo lililokuwa na rungu. Kafyu iliondolewa siku ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2021. Tarehe ile ile ya Oktoba, miaka 69 baadaye. Sababu za 2020 zilikuwa tofauti kabisa na zile za 1952, na sizilinganishi. Nalinganisha kile ambacho miili yetu ilijifunza: kwamba giza likikukuta nje, wewe ndiye mwenye makosa. Baada ya hapo vikundi vya kupanda milima vikachipuka kila kona, watu wakiwa na kiu ya hewa, na naona tulibeba somo hilo hadi mlimani. Ukichwelewa, unajieleza.

Nilipanda Kwitutu siku moja ya Agosti nikiwa na kijana wa kisiwani, mwalimu wa shule ya msingi aliyekuwa likizoni. Tuliondoka mapema, tukafika juu na muda wa kutosha. Mvua ya ziwa ikaja bila kubisha. Mvua za huku si za kuchezea. Radi ilipiga karibu kiasi kwamba tuliinusa, na mwenzangu akasema hatushuki kwenye mwamba ulio wazi mpaka ipite. Alikuwa sahihi. Tukajibanza chini ya jabali, magoti kifuani, saa nzima na nusu. Ilipokatika, upande wa Uganda palikuwa na mstari mwekundu mwembamba, halafu hapakuwa na mstari.

Mwezi haukuwepo. Tochi ya simu yangu iliangaza hatua mbili za matope na kuacha kila kilichobaki kikiwa cheusi zaidi. Mwenzangu akaniomba niizime. Tukae kidogo, macho yazoee, akasema. Ndipo nikaliona ziwa. Lilikuwa limewaka. Kutoka pale juu, mamia ya taa zilitapakaa majini kila upande, nyingine peke yake, nyingine kwa makundi, zikitikisika kidogo. Kama hujui ungesema ni mji, tena mkubwa kuliko Kisumu.

Ni wavuvi wa omena. Omena, ndugu wa dagaa, hufuata mwanga, kwa hiyo huvuliwa usiku, na huvuliwa usiku wa giza, kwa sababu mbalamwezi ikijaa taa hazina nguvu ya kuwavuta. Kwa miongo mingi taa hizo zilikuwa karabai za mafuta ya taa, zikielea juu ya vyelezo. Siku hizi nyingi ni za betri na za sola. Kalenda yao inaendeshwa na mwezi, na serikali nayo huweka miezi ya kufunga uvuvi wa omena, Aprili hadi Julai, samaki wazaliane. Hapo nikaelewa jambo ambalo kila mtoto wa kisiwa analijua: mwezi ukiwa mpevu, njia ya mlimani inaonekana na ziwa ni tupu, mwezi ukiwa haupo, njia imefungwa na ziwa limejaa watu. Kisiwa hakina usiku usio na mwanga. Mwanga unahama tu.

Tulishuka kwa kutazama zile taa. Mwenzangu alijua kwamba zikionekana kushoto kati ya miti miwili fulani tuko njiani, zikipotea kabisa tuko bondeni mwa korongo na turudi nyuma. Alinishika mkono mahali pawili. Ilichukua muda mrefu, sikuangalia saa. Mbwa walipoanza kubweka alisimama mbali na boma, akapaza sauti, akataja jina lake na la baba yake na la kijiji chao. Kimya. Halafu sauti ya mwanamke mzee: "Oyimore!" Akajibu, "Oyimore ahinya, dani." Tukaitwa ndani.

Dani hakuniuliza natoka wapi mpaka nilipomaliza kula. Ugali, omena, chai ya rangi yenye sukari nyingi. Nguo zetu zikaanikwa juu ya meko. Mjukuu wake wa kiume alikuwa ziniani, mmoja wa zile taa. Alisema kila usiku wa giza anaamka mara mbili kuzihesabu zilizo upande wake, ingawa anajua haziwezi kuhesabika, na ingawa hajui ipi ni ya nani. Upepo ukibadilika anatoka nje. Mara moja, miaka ya nyuma, alitoka na taa hazikuwepo, dhoruba ilikuwa imezizima, na waliorudi asubuhi hawakuwa wote. Aliyasema haya akigeuza soksi zangu ili zikauke vizuri.

Nilimuuliza kama anaongea Olusuba. Alicheka. Mama yake ndiye aliyekuwa mwongeaji hasa, akasema. Yeye anaisikia, anajua majina ya mawe na ya ghuba, anajua nyimbo mbili tatu za kutwanga. Watoto wake ni Kijaluo tu. Olusuba, lugha ya Kibantu waliyoileta wale wa mitumbwi, imo kwenye orodha ya UNESCO ya lugha zilizo hatarini. Kwa vizazi kadhaa imekuwa ikimezwa na Kijaluo, kupitia ndoa, shule na kanisa. Niliwaza kuhusu yale majina ya mawe. Mwenzangu alikuwa ametushusha kwa majina hayo. Alikuwa akijisemea kila mara, kimoyomoyo karibu, neno moja hapa, jingine pale, na kila neno lilikuwa mahali pa kukanyaga. Ramani kwenye simu yangu ilionyesha kisiwa hicho chote kama doa la kijani lenye jina moja.

Hapo ndipo ninapoona hasara yenyewe. Si kwamba tunaogopa giza; watu wameliogopa siku zote, na wana sababu. Ni kwamba vile vitu vilivyoifanya hofu hiyo ibebeke vinaondoka kimojakimoja, na kila kimoja kikiondoka hakuna anayesikia mlio. Jina la jiwe linaondoka na bibi aliyelijua. Desturi ya kujitangaza unapokaribia boma la mtu inaondoka pale nyumba zinapojengewa ukuta na geti na mlinzi anayeuliza kitambulisho. Ujuzi wa mwezi uko wapi leo, bila kuangalia simu, umeondoka karibu kwetu sote wa mjini. Tuna tochi nzuri kuliko za mpagazi yeyote, na bado yeye ndiye aliyekuwa akiona.

Nimejaribu kuwaeleza marafiki zangu wa Nairobi, na mmoja akaniambia narudisha watu nyuma, kwamba dawa ya giza ni umeme na barabara, basi. Sehemu kubwa nakubaliana naye. Mwanamke anayejifungua usiku kisiwani anahitaji taa na boti yenye injini, hahitaji falsafa yangu. Mjukuu wa dani anahitaji jaketi la kuokolea na utabiri wa hali ya hewa unaofika kwa wakati. Lakini umeme na barabara vimekuwepo Nairobi zaidi ya miaka mia moja, na bado binti akishuka matatu saa 3 usiku anatembea huku ameshika funguo katikati ya vidole. Taa zipo. Kilichopungua ni mlango ambao angeweza kuubisha.

Kwa hiyo haya ndiyo ninayofanya sasa, na ni mambo madogo. Kabla ya kupanda mlima wowote naangalia mwezi uko siku ya ngapi. Naangalia jua litachwa saa ngapi pale, si Nairobi. Nauliza nyumba ya mwisho kabla ya msitu ni ya nani, na wakati wa kupanda napita kusalimia, ili nikirudi gizani sauti yangu iwe imeshasikika mara moja. Najifunza salamu ya jioni ya watu wa hapo. Na mtu akifika kwetu Nairobi saa mbaya, amekwama, fundi, mpeleka mizigo, jirani wa ghorofa ya tatu ambaye funguo zake zimepotea, najaribu kuitika kwanza kabla ya kuuliza maswali.

Naandika pia majina. Mwalimu yule hunitumia moja moja kwa WhatsApp, anapokumbuka au anapokutana na mzee anayekumbuka: jina la jabali, la korongo, la mti uliokwishaanguka lakini bado unaitwa. Tuna kumi na saba. Mwezi ujao kuna giza la wiki nzima, wavuvi watakuwa ziwani, na amesema atapanda na wanafunzi wake wakubwa hadi lile jabali tulilojibanza, wakae huko mpaka jua lichwe, kisha washuke wakiyataja.